Mtama wa malisho: usiupime kwa urefu, upime horini

Kila mvua ya mwaka inapokaribia, maduka ya agroveti hapa Pwani hutundika mifuko ya mbegu za mtama wa malisho. Picha ya mfukoni haibadiliki: mtu amesimama kando ya bua lililompita kimo mara mbili, mkono ameunyoosha juu na kilele hakifikii. Maneno nayo ni yale yale. Tani nyingi kwa ekari, hukatwa tena na tena, hustahimili ukame. Mfugaji hulitazama lile bua, akatoa pesa, akaenda zake. Nami nasema, kwa heshima ya wauzaji, kwamba picha ile inajibu swali ambalo ng'ombe hakuliuliza.

Swali la ng'ombe ni jingine. Katika mzigo huu mliotupa horini, ni kiasi gani nitakachoweza kukisaga kikawa maziwa, na ni kiasi gani kitakachopita tumboni na kutoka nyuma karibu kama kilivyoingia? Mitama miwili yaweza kulingana kwa urefu na kwa uzito, lakini mmoja ukaongeza maziwa na mwingine ukaongeza samadi tu.

Nalileta jambo hili kwa sababu ufugaji wetu umebadilika. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya maana, na watu wa Ganze, Magarini, Kinango na Tana River hawahitaji kuelezwa na mtu yeyote mizoga ya ng'ombe ilivyolala kando ya njia. Wengi waliobakiwa na kidogo wameanza kufuga bandani: ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, majani ya kuletewa. Sasa ng'ombe wa bandani hana pa kwenda kujitafutia. Akiwa porini akikuta bua gumu huliacha akachagua jani laini. Akiwa bandani, bua gumu ndilo chakula chake cha siku nzima, na hasara ni yako wewe unayekamua.

Mambo mengi nitakayoyaeleza nimeyaona Kathiani, katika kaunti ya Machakos. Msomaji ataniuliza, Kathiani na sisi wapi na wapi? Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, unaiacha pale Kyumvi, unaingia Machakos mjini, kisha unafuata upande wa vilima vya Iveti hadi Mitaboni na Kathiani yenyewe. Ni nchi ya mashamba madogo madogo kwenye miteremko, yaliyokatwa matuta yale yanayoitwa fanya juu, jina la Kiswahili lililoingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani kote. Mvua zao ni mbili, zote fupi: Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Disemba, na hiyo ya pili ndiyo wanayoitegemea zaidi, kinyume na sisi. Kituo cha utafiti cha Katumani, nje kidogo ya mji wa Machakos, ndiko yalikotoka mahindi ya Katumani yanayokomaa upesi, na hupata kama milimita 700 za mvua kwa mwaka. Kwa mvua hatupishani nao sana ukienda Ganze au Kinango. Kwa joto tunapishana sana, na nitalirudia hilo kwa sababu ndilo linalosahauliwa.

Watu wa Kathiani huuita mtama muvya. Wameula tangu kabla mahindi hayajatawala, na wamelazimika kuuchagua kwa makini kwa sababu shamba ni dogo na mvua haisamehi. Nilipokelewa na mama mmoja mfugaji, ana ng'ombe watatu, na ukingoni mwa matuta yake amepanda mitama ya namna mbalimbali, kila mmoja mstari wake. Hana maabara. Kipimo chake ni hori: kila asubuhi kabla ya kutia majani mapya hutazama ng'ombe wameacha nini. Aina moja huacha hori safi. Nyingine huacha vipande vya bua vimepangana kama kuni. Yeye hujua ipi ni ipi, na hajali ipi ilikuwa ndefu. Kipimo chake ni cha kweli kabisa, ila kinahitaji kuelezwa sababu, ndiyo maana naandika.

Ndani ya bua mna nini? Fikiria ukuta wa nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe ndiyo nyuzinyuzi, na chokaa inayoyashika ni kitu kinachoitwa lignini. Ng'ombe hasagi nyuzinyuzi mwenyewe. Katika tumbo lake la kwanza wamo vijidudu wasiohesabika, na hao ndio wanaozivunja nyuzi na kumpa nguvu. Mawe wanayaweza, chokaa haiwaingii. Bua likiwa changa chokaa ni kidogo, vijidudu huingia kila upande. Likizeeka chokaa hujaa, na mawe yote yaliyozungukwa na chokaa hubaki salama mpaka yatoke nje. Kwa hiyo majani mawili yenye nyuzi sawa yaweza kuwa na thamani tofauti kabisa, kwa kadiri ya lignini iliyomo.

Vijidudu hao nao wanahitaji protini ili wazaane. Ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya chakula kikavu, wanapungua, usagaji unakuwa wa polepole, tumbo linakaa limejaa na ng'ombe anaacha kula. Mfugaji huona ng'ombe ana majani mbele yake na hali, akadhani ni mgonjwa. Mara nyingi si ugonjwa, vijidudu ndio wenye njaa.

Tukishika hayo mawili, lignini na protini, tukaongeza sukari na nafaka, twaweza kuilinganisha mitama bila kudanganywa na kimo.

Kwanza ni mitama ya nafaka. Gadam ni mfupi, nafaka nyeupe, hukomaa upesi. Ulilimwa sana Ukambani kwa ajili ya kiwanda cha bia, mpaka 2013 serikali ilipoipandishia ushuru bia ya bei nafuu na soko likaanguka. Kuna Serena na Seredo, wenye nafaka ya kahawia, mitama iliyozalishwa katika kituo cha Serere, Uganda. Rangi ile ya kahawia ni dalili ya tanini, ule ukakasi unaoufunga mdomo ukitafuna. Humfukuza ndege kwelea, jambo zuri, lakini huishika protini isisagike vizuri, jambo baya. Mitama hii ukivuna nafaka kwanza halafu ukampa ng'ombe bua kavu lililobaki, unampa kitu chenye protini ya asilimia 3 hadi 5 tu. Ni cha kumshibisha wakati wa njaa. Maziwa usiyatarajie.

Halafu kuna mitama mirefu ya matumizi mawili, nafaka na malisho. Kenya ina E1291 na E6518, iliyochaguliwa kwa nyanda za juu zenye baridi na mvua haba. Huu wa pili hukawia kukomaa na hutoa majani mengi. Ni mitama mizuri mahali pake. Mtu akikuuzia Malindi kwa sababu ilifanya vizuri Nakuru, muulize ni nani aliyeijaribu Malindi.

Tatu ni mitama mitamu. Wazee wetu wanaijua, wanaiita kota, tulikuwa tukiitafuna kama miwa. Mbegu za kisasa za namna hii zinauzwa, mojawapo ni Sugargraze ya kampuni ya Advanta. Faida yake ni sukari ndani ya bua, ambayo husagika karibu yote na kumpa ng'ombe nguvu za haraka. Pia huifanya saileji ichachuke vizuri bila kutiwa molasi. Upungufu wake ni protini, kwa sababu sukari haina protini hata chembe. Mtu aliyempa ng'ombe kota peke yake amempa chai ya sukari bila mkate.

Nne ni jani la Sudani na machotara yake na mtama. Bua ni jembamba, huchipuka upya baada ya kukatwa, na hukauka upesi ukitaka kulifunga marobota. Likikatwa changa, kwenye kimo cha kiuno, protini hufika asilimia 12 hadi 15. Kwa anayetaka kukata na kulisha kila siku, namna hii haina mpinzani. Kwa anayetaka kujaza shimo la saileji kwa siku moja, mitama minene inamfaa zaidi.

Tano ndiyo inayonivutia, na nitakaa hapa kidogo. Mwaka 1924, huko Minnesota, Marekani, watu waliona mahindi yenye mshipa wa kati wa jani ulio wa kahawia badala ya mweupe. Ikaja kujulikana kuwa mahindi yale yana lignini kidogo. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walitibu mbegu za mtama kwa kemikali, wakaziotesha, wakatafuta miche yenye mshipa kama ule. Waliipata. Ripoti yao ya 1978 ilionyesha lignini ya bua imepungua kwa kati ya asilimia 5 na 51, kutegemea mmea. Tangu hapo mitama hii huandikwa BMR kwenye mifuko. Kwa mfano wetu wa ukuta, ni nyumba iliyojengwa kwa chokaa haba: mawe ni yale yale, ila mvunjaji hapati taabu.

Zingatia hiyo kutoka 5 hadi 51. Maana yake ni kwamba herufi BMR peke yake si hakikisho. Ipo iliyopungukiwa lignini kidogo sana na ipo iliyopungukiwa nusu. Mbili zinazotumika zaidi ni zile zinazoitwa bmr-6 na bmr-12, na kila moja imeharibu hatua yake ya kutengeneza lignini. Na chokaa haikuwekwa ukutani bure. Bua lenye lignini haba hulala kirahisi upepo ukivuma. Sisi watu wa Pwani tunaujua upepo wa kusi, unaokuja pamoja na mvua ya mwaka, wakati ule ule mtama unapopanda juu. Anayepanda BMR kwenye uwanda ulio wazi karibu na bahari asiuache uzeeke shambani, aukate mapema, na asiupande kwa msongamano, maana miche iliyosongana hutoa mabua membamba yanayolala.

Mshipa wa jani una habari nyingine, na hii haigharimu hata shilingi. Chukua jani la mtama uliofika kimo cha paja, litazame mshipa wa kati. Ukiwa mweupe kama karatasi, bua lake ni kavu ndani, lina sufi. Ukiwa wa kijani kilichofifia kama maji, bua lina majimaji. Ukiwa wa kahawia, hiyo ni BMR. Rangi ya kahawia huonekana vizuri mmea ukiwa na majani manne hadi sita, baadaye kwenye majani makuukuu hufifia. Ukinunua mfuko wa BMR na miche yako ikatoka na mishipa myeupe, una haki ya kurudi dukani ukiwa na jani mkononi. Usichanganye na wekundu au zambarau yenye madoa, ambayo ni alama ya ugonjwa au ya kuumwa na wadudu.

Hata hivyo, wallahi, siku ya kukata yaweza kuzidi nguvu jina la mbegu. Mbegu bora iliyokatwa ikiwa imezeeka hushindwa na mbegu ya kawaida iliyokatwa kwa wakati wake. Mtama ule ule wenye protini ya asilimia 12 ukiwa kiunoni utakuwa na 6 au chini yake nafaka ikikauka. Kwa saileji wakati wake ni pale nafaka ikiwa laini: ukiiminya kati ya vidole inapondeka kama ugali na si kama maziwa. Ukingoja ikauke, punje ndogo ngumu za mtama humpita ng'ombe nzima nzima. Tazama kinyesi. Ukiona punje zimo, ile ni nguvu uliyoilima, ukaikata, ukaisomba, ukampa kuku. Saileji ya mtama iliyokatwa vizuri ina kama asilimia 80 hadi 90 ya nguvu ya saileji ya mahindi, na mtama unaweza kukaa umenyauka wiki kadhaa ukingoja mvua kisha ukaendelea, jambo ambalo mahindi hayaliwezi.

Kuna suala la maji, ambalo huwaumiza wanunuzi wa majani. Mtama uliokatwa mchanga una maji kama asilimia 85. Katika kila kilo 100 unazobeba kwenye tuktuk, chakula ni kilo 15. Ule uliofika nafaka laini una maji kama asilimia 70, kwa hiyo kilo 100 zina chakula kilo 30. Ukinunua kwa bei moja kwa kilo, wa kwanza umekugharimu mara mbili ya wa pili kwa uzito mkavu. Yaweza kuwa sawa kwa sababu protini yake ni ya juu, lakini ujue unanunua nini. Bei bila kujua maji ni kama kununua samaki bila kujua kama barafu imepimwa pamoja naye.

Wenzetu wa Hyderabad, India, wamefika mbali katika hili. Huko mabua makavu ya mtama huuzwa sokoni kwa wafugaji wa mjini. Watafiti waliyachukua mabua ya wafanyabiashara wakayapima, wakakuta yale ya bei ya chini yalikuwa yakisagika kwa asilimia 47 na yale ya bei ya juu asilimia 52. Tofauti ni vipimo vitano tu, lakini wanunuzi walikuwa wakiilipia robo ya bei na zaidi, bila kuwa na mashine yoyote. Walijua kwa kushika, kwa kunusa na kwa kutazama. Sisi hapa robota ni robota, la mwezi uliopita na la mwaka juzi bei moja. Soko letu la majani linakua kila mwaka, na nadhani wakati umefika mnunuzi alifungue robota kabla ya kulipa, avunje bua, atazame kama majani bado yameshikamana au yamebaki mabua matupu.

Sasa sumu. Hapa naomba msomaji asiruke mstari.

Mtama mchanga unaua. Una sumu ile ile ya muhogo mchungu, sianidi, na sababu ni ile ile: ndani ya mmea kuna kitu kisicho na madhara ambacho kikitafunwa au kupondwa hukutana na kimeng'enya na kutoa sumu. Bibi zetu walijua kuukata muhogo makopa, kuuanika, kuupika. Ng'ombe hana bibi wa kumwanikia. Hatari kubwa ni mmea ulio chini ya kimo cha goti hadi paja, machipukizi yanayotoka baada ya kukata, na zaidi ya yote machipukizi yanayotoka mvua inaponyesha baada ya kiangazi kikali. Hapo mtama huonekana mzuri, kijani kibichi kinachong'aa, na ng'ombe mwenye njaa hujitupa. Ataanza kuhema haraka, atapepesuka, ufizi utakuwa mwekundu mno, na anaweza kufa kabla daktari wa mifugo hajafika, ingawa dawa ya kuchomwa ipo na huokoa akiwahiwa.

Kwa hiyo kata mtama uliofika kiunoni kwenda juu. Baada ya mvua ya kwanza kufuatia kiangazi, ngoja wiki mbili. Usimwachie ng'ombe mwenye njaa kwenye mtama, mpe majani makavu kwanza. Kuuanika vizuri hupunguza sianidi kwa kiasi kikubwa, na kuufanya saileji pia, ukiuacha wiki kadhaa na ukaipa hewa yake nafasi ya kutoka unapoitoa shimoni. Aina nazo hutofautiana: jani la Sudani halisi lina sumu kidogo kuliko machotara, na jani la Columbus, ambalo ni ndugu wa mtama anayedumu miaka, lina nyingi. Kuna na naitreti, inayojikusanya chini ya bua wakati wa ukame shambani palipotiwa mbolea nyingi. Hiyo kuanika hakuiondoi. Mkato wa juu kidogo, ukiacha shina la shubiri moja hivi, husaidia.

Na kwa jamaa zetu wa Lamu: mtama na jani la Sudani si chakula cha punda. Farasi wanaolishwa mtama mbichi kwa wiki nyingi hupatwa na ugonjwa wa kibofu, mkojo ukawatiririka wenyewe na miguu ya nyuma ikalegea. Punda ni ndugu wa farasi, na hakuna haja ya kujaribu bahati yake.

Narudi kwenye joto nililoliahidi. Kathiani kuna baridi ya usiku. Katumani peke yake iko karibu mita 1,600 juu ya bahari. Sisi usiku ni moto, na joto huufanya mmea ujenge lignini haraka. Mbegu iliyoacha hori safi Kathiani yaweza kuacha vipande vya bua Kaloleni, kwa kuwa imezeeka upesi zaidi. Dawa yake ni kuhesabu kimo na hatua ya mmea, si siku zilizoandikwa mfukoni. Pili, sisi tuna funza wa bua, yule Chilo aliyetoka Asia, aliyeizoea Pwani kuliko bara. Mwaka 1993 taasisi ya ICIPE iliachilia huku kwetu nyigu mdogo wa kumshambulia, akasaidia, lakini funza hajaisha. Tatu, kuna mbegu za Marekani zinazosifiwa kwamba hazitoi maua, zinaendelea kutoa majani tu. Ni kweli kule Texas, kwa sababu hungoja mchana upungue chini ya saa 12 na dakika 20 hivi ndipo zichanue. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Mbegu hiyo ukiipanda Kilifi inajiona tayari imefika majira ya kuchanua. Umelipia sifa isiyofanya kazi hapa.

Hata ukichagua vizuri, mtama peke yake hautoshi. Chukua ng'ombe wa kilo 400 anayetoa lita 10. Anakula kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Zikiwa zote ni mtama wa protini ya asilimia 6, anapata gramu 720, naye anahitaji karibu gramu 1,250. Sasa ondoa kilo 3 za mtama, weka kilo 3 kavu za lusina au glirisidia, zenye protini ya asilimia 22 hivi. Mtama unatoa gramu 540, majani ya mti yanatoa 660, jumla 1,200. Umekaribia kufika bila kununua mfuko wa unga wa ng'ombe. Lusina isizidi theluthi ya chakula, maana nayo ina sumu yake. Miti hii tunayo uani na kwenye mipaka ya mashamba tangu siku za miradi ya zamani ya ng'ombe wa maziwa, wengi wanaikata kuni.

Anayetaka kujua kwa hakika ni mtama gani unamfaa asipande ekari nzima kwa picha. Apande mistari minne, kila mmoja aina yake, siku moja, udongo mmoja. Akate kila aina ikiwa kwenye hatua moja, si siku moja. Apime kilo mbichi, achukue kilo moja aikatekate na kuianika mpaka isipungue tena uzito, apate uzito mkavu. Ampe ng'ombe mmoja aina moja kwa siku saba hadi kumi, akipima maziwa na akipima kinachobaki horini, kisha abadilishe. Wenye uwezo wa kuungana kumi wachange wapeleke vifurushi vikavu maabara, Kabete au Muguga, waulize protini na usagikaji. Mimi nimetenga kipande changu kwa mvua ya mwaka ijayo: chotara wa Sudani, kota, BMR na Seredo wa kulinganishia. Daftari la hori liko tayari, na tarakimu zitakazopatikana nitazileta hapa, ziwe nzuri au mbaya.